Nani Kasema Mchina Hana Sasa?

Ipo kauli iliyozoeleka mno miongoni mwa wafundishao Kiingereza, hata imekuwa kama wiridi: Kichina hakina njeo, yaani kitenzi chake hakibebi alama ya wakati, kwa hiyo Mchina anapojifunza Kiingereza hana pa kuiweka sasa yake. Kauli hii ina nusu ya ukweli na uongo mzima. Ukweli wake ni kwamba kitenzi cha Kichina hakigeuki umbo. Neno chi, lenye maana ya kula, hubaki chi jana, leo na kesho, akila mmoja au wakila mia. Uongo wake umejificha katika yale maneno mawili, "kwa hiyo". Kitenzi kutogeuka ni jambo moja, na msemaji kukosa wakati ni jambo jingine kabisa. Arukaye kutoka la kwanza hadi la pili amekwisha kuiacha sarufi, ameingia katika dharau.

Dharau ya namna hii haiwi ngeni kwa msomaji wa pwani. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo mbili za wakati wa Mwafrika, kisha akadai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Wala haikuhitajika falsafa kubwa kumjibu. Mzee apandaye mnazi akijua kuwa dafu litaliwa na mjukuu ameshaufikia wakati ujao wa mbali, kitenzi chake kiseme kisemavyo.

Mchina naye amepimwa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 2013 mchumi M. Keith Chen alichapisha katika jarida la wanauchumi wa Marekani hoja kwamba watu ambao lugha zao haziwalazimishi kutenga sasa na kesho, Wachina wakiwamo, huweka akiba zaidi, kwa kuwa kesho kwao iko karibu. Hapo upungufu uligeuzwa sifa, lakini mantiki ilibaki ile ile: kitenzi kinachukuliwa kuwa ndiyo akili. Mwaka 2015 Chen huyo huyo, pamoja na Seán Roberts na James Winters, alilipima tena jambo lile kwa kuzingatia undugu wa lugha, na uhusiano aliokuwa ameuona ukadhoofika. Habari ya kwanza ilienea duniani; ya pili haikupata wasomaji wengi.

Basi na ulizwe Kichina chenyewe kinasemaje mtu anapotaka kuitaja saa aliyo ndani yake.

Mchina ana zai. Huiweka mbele ya kitenzi: ta zai chi fan, yuko anakula chakula. Neno hilo hilo ndilo asemalo akitaka kueleza kuwa mtu yupo mahali: ta zai jia, yupo nyumbani. Kwake yeye, basi, tendo linaloendelea ni kama mahali, na mtendaji yumo ndani yake. Mswahili atalielewa jambo hili bila mwalimu, maana naye husema fulani yumo safarini, yu katika kula, yuko anaswali. Hata Waingereza wa kale walikuwa na msemo "a-hunting", ambamo ile "a" ni baki la neno "on", kana kwamba mwindaji yuko juu ya kuwinda kwake. Lugha tatu zisizo na undugu zimeliendea tendo la sasa kwa njia ya mahali. Halafu mmoja kati ya wenye lugha hizo anaambiwa hana njia.

Mchina ana zhe, aiwekayo baada ya kitenzi kuonyesha hali iliyotulia. Men kai zhe, mlango u wazi. Ta zhan zhe, amesimama. Akisema ta zai chuan yifu, mtu bado anavaa, mkono mmoja umo na mmoja umo njiani. Akisema ta chuan zhe kanzu nyekundu, mtu ameshavaa na anaonekana. Kitenzi ni kimoja, na kialama kidogo kimetenga tendo na hali. Mswahili hufanya vivyo hivyo kwa na na me: anavaa si amevaa, analala si amelala, anakaa si amekaa. Mwingereza hawezi kuyapata haya kwa kitenzi kimoja. Yambidi abadili neno, "is putting on" kwa yule wa kwanza na "is wearing" kwa yule wa pili, ilhali umbo la wakati ni lile lile kwa wote wawili. Katika jambo hili mwenye zana chache ni nani?

Mchina ana le, na hapa ndipo penye mkasa. Kialama hiki hutaja tendo lililokamilika, lakini kikikaa mwishoni mwa sentensi aghalabu hutaja badiliko: mambo hayako kama yalivyokuwa. Wo lei le, nimechoka. Wo dong le, nimefahamu. Ta bing le, ameugua. Xia yu le, husema mtu aliyechungulia dirishani akaona matone ya kwanza. Mvua imeanza, na inanyesha wakati huo asemapo. Aitwaye naye, akiwa ndiyo kwanza anainuka kitini, huitika wo lai le, naja! Zote hizi ni habari za sasa. Msomaji wa Kiswahili hashangai, kwa kuwa nimechoka na nimefahamu ni maneno ya sasa hata yakivaa me. Hakuna Mswahili asemaye nimechoka akimaanisha kwamba alichoka mwaka juzi na sasa amepumzika.

Ziko pia sasa nyingine, zilizo nje ya kitenzi, na mpenzi wa ushairi angezifurahia. Xianzai, neno la kila siku la sasa, limeundwa kwa kuonekana na kuwapo. Muqian, kwa wakati huu, ni mbele ya jicho. Mashang, mara moja, ni juu ya farasi: jambo litafanyika upesi, mfanyaji amekwisha panda. Lugha yenye maneno ya namna hii huambiwaje kuwa haioni wakati upitao mbele yake?

Sasa na igeuziwe uso nyumba ya Kiingereza, ambayo husifiwa kwa mpangilio wake. Sarufi za shule hulitaja umbo la kwanza la kitenzi kuwa ni wakati uliopo. Mtu akisema "I drink tea", je, anakunywa chai wakati huo? Hasha. Anasema kuwa chai ni kinywaji chake; huenda wakati asemapo yuko kitandani usiku wa manane. Jambo hilo Mswahili amelitengea kiambishi chake, hu: hunywa chai. Kiingereza hulitia ndani ya umbo liitwalo la sasa, pamoja na jua kuchomoza mashariki, jambo la siku zote, na pamoja na "the boat leaves tomorrow", jambo la kesho. Umbo la pili, lile lenye "-ing", husifiwa kuwa ndilo la sasa hasa. Walakini "I am leaving on Friday" ni habari ya Ijumaa ijayo, na "I am knowing" haisemwi katika Kiingereza cha vitabuni hata kama mtu anajua kwa nguvu zake zote.

Ajabu zaidi ni kwamba mambo yanapokuwa ya papo kwa papo, Kiingereza mara nyingi hukiacha hicho "-ing" chake. Basi likitokea kwenye kona husemwa "here comes the bus". Mtangazaji wa kandanda, macho yake yakiwa mpirani, husema "he shoots, he scores". Mtu atoaye ahadi husema "I promise", na ahadi huwa imefungika kwa neno hilo hilo. Neno "presently" nalo, lililotoka katika shina la sasa, kwa Waingereza wengi lina maana ya punde kidogo, na kwa Wamarekani wengi lina maana ya hivi sasa. Hii si aibu kwa Kiingereza; kila ndege huruka kwa ubawa wake. Aibu ni kumtaka mgeni aione nyumba hii kuwa ndiyo ramani ya wakati wenyewe, na akipotea vyumbani aambiwe kwamba huko kwao hakuna nyumba.

Kosa hasa limo katika namna ya kufundisha. Mitihani ya kuingia vyuo vikuu vya China ilirudishwa mwaka 1977, na tangu mwaka 2001 wizara ya elimu ya nchi hiyo iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa mapema, tangu darasa la tatu la shule za msingi. Watoto wengi mno, madarasa makubwa, mtihani mmoja wa kukata shauri: katika hali hiyo ilizaliwa kanuni ya maneno ya ishara. Mwanafunzi hufundishwa kwamba akiona "now", "look" au "listen" katika sentensi, aweke "am", "is" au "are", kisha akipachike kitenzi "-ing". Akiona "every day", akiache kitenzi kitupu. Akikutana na le katika Kichina, akipeleke kitenzi wakati uliopita. Kanuni hii huokoa alama katika karatasi yenye nafasi za kujaza. Nje ya karatasi hiyo mara nyingi humtupa mwenyewe.

Mfuate mwanafunzi huyo. Akitaka kusema kwamba sasa amefahamu, anaiona "now" na kutaka kusema "now I am understanding". Akitaka kusema tazama, basi lile linakuja, kanuni ya "look" inamkataza "here comes the bus", sentensi iliyo sahihi kuliko zote. Kwa kuwa ameambiwa kuwa sasa ya Kiingereza haiendi bila "am", anaipachika hata pasipohitajika, akatoa "I am agree". Na kwa kuwa zai ya kwao imejitosheleza, haina haja ya kitenzi kingine cha kuwa, siku nyingine anaidondosha "is" na kusema "he reading". Makosa mawili yanayopingana, mtu mmoja. Na mwalimu anaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi hana hisia ya wakati.

Zito kuliko yote ni lile la le. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa le ni wakati uliopita, akiwa ugenini na mzazi wake ameugua, atalichukua ta bing le na kuligeuza "he was ill". Msikilizaji wa Kiingereza atasikia kwamba mgonjwa alikuwa mgonjwa na sasa hajambo. Atampongeza, pengine, kisha aendelee na shughuli zake. Mwana amesema jambo la sasa kwa uchungu wa sasa, na kanuni ya shule imelipeleka jana. Hapo hakuna kosa la akili ya Kichina. Kichina kilisema sawasawa. Aliyeharibu ni mkalimani aliyewekwa katikati, nayo ni ile kanuni.

China yenyewe ilikuwa na wajuzi walioiona njia nyingine. Mwaka 1898 Ma Jianzhong alitoa sarufi ya Kichina, kitabu kikubwa cha kwanza cha aina yake kuandikwa na Mchina, akiifuata kwa kiasi kikubwa sarufi ya Kilatini. Tangu hapo limekuwapo zoea la kukitazama Kichina kwa miwani ya Ulaya na kuhesabu yanayokosekana. Lakini Lü Shuxiang, mwanaisimu aliyekuwa pia mfasiri, alikiandikia kizazi chake kitabu juu ya namna Mchina ajifunzavyo Kiingereza, na msimamo wake ulikuwa kwamba msaada ulio bora kwa mwanafunzi ni kumtambulisha tofauti za lugha hizo mbili. Ili tofauti itambulikane, sharti pande zote mbili ziwepo mezani. Na Zhao Yuanren, mwanaisimu mwingine, mwaka 1922 alikifasiri kisa cha Alice cha Lewis Carroll kwa Kichina kisemwacho na watu. Kitabu kile kimejaa saa, haraka na uchelewaji. Sungura wake hukimbia na saa mfukoni. Lau Kichina kingekosa wakati, sungura yule angechelewaje?

Wako na wengine wa kujibiwa, nao ni marafiki. Hawa ni wapenzi wa mashairi ya Kichina katika nchi za Magharibi, ambao tangu Ezra Pound atoe kijitabu chake cha mwaka 1915, kilichotokana na madaftari ya Ernest Fenollosa, wamependa kuamini kwamba mshairi wa Kichina huishi katika sasa isiyo na mwisho, kwa kuwa vitenzi vyake havina jana. Pound alipokitoa kijitabu kile hakuwa akikisoma Kichina. Ni kweli kwamba mfasiri wa Kiingereza hubanwa: mwaka 1987 Eliot Weinberger na Octavio Paz walitoa kitabu chenye kulipima shairi moja fupi la Wang Wei kupitia tafsiri zake nyingi, na wafasiri wengi wa Kiingereza walilazimika kuchagua wakati au mtendaji ambavyo mtunzi hakuvitaja. Lakini kutotaja si kutojua. Du Fu, aliyeishi zama moja na Wang Wei, alitunga juu ya maasi yaliyozuka mwaka 755, akaomboleza amani iliyokuwako kabla yake na kuhofia yatakayofuata; mashairi yake mengi yanajulikana yalitungwa mwaka gani. Watunzi wa tenzi wa pwani waliozoea kumalizia kwa kutaja jina na tarehe wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba yeye ni wa sasa ya milele ni kumvika kilemba cha ukoka: sifa imemwondoa katika historia.

Mtetezi wa kanuni atasema: haya ni maneno ya wasio na darasa. Mwalimu ana watoto wengi na dakika chache, na kanuni fupi ni bora kuliko falsafa ndefu. Hoja hii ina uzito, na haifai kudharauliwa. Kadhalika ni haki kukiri kwamba tofauti ipo kweli. Roman Jakobson alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1959: lugha hutofautiana hasa katika yale zinayomlazimisha msemaji ayataje, si katika yale zinayomruhusu. Kiingereza hakimwachii mtu afungue kinywa bila kuchagua wakati. Kichina humwachia, ikiwa wakati umekwisha kujulikana. Mchina ana kazi ya kuzoea wajibu huo mpya, na kazi hiyo ina jasho.

Ila kuzoea wajibu mpya hakudai mtu avuliwe alichonacho. Wala njia ya haki si ndefu kuliko ile ya ishara. Mwanafunzi na aulizwe kwanza: katika Kichina ungelisemaje? Kama ungeweka zai, Kiingereza aghalabu kitataka "is" pamoja na "-ing". Kama ungeweka zhe, litazame jambo kama hali, kisha utafute neno la hali, "is wearing", "is standing", "is open". Kama ungeweka le mwishoni na jambo bado linakugusa, shika sasa, "I am tired", "he is ill", "it is raining", wala usikimbilie jana. Kama hukuweka kitu, na jambo ni la kila siku, kiache kitenzi kitupu, ukikumbuka ile "s" ya mtu wa tatu. Ni milango minne, na funguo zote anazo tangu utotoni. Zitabaki pembe zisizofunguka kwa funguo hizi, kama zibakivyo katika kila lugha, lakini atakayekwama hapo atakwama akiwa na akili yake mkononi.

Mwaka 2021 serikali ya China iliyabana masomo ya ziada ya kulipia, na biashara kubwa ya kufundisha watoto Kiingereza baada ya shule ikaanguka. Mitihani ilibaki, na zoea la maneno ya ishara halikuondoka pamoja na biashara ile. Panapostahili kuanzwa ni kwenye ukurasa wa kwanza wa somo la wakati uliopo. Ukurasa huo usianze kwa kumtajia mtoto alichokosa. Uanze kwa zai, zhe na le, kwa maandishi ya kwao na kwa herufi kubwa, kisha Kiingereza kifuate kama mgeni aliyekuja kukaa karibu na wenyeji. Na mwalimu ambaye mwanafunzi wake amemjia na kumwambia "my father was ill", machozi yakimlengalenga, amwulize kwa upole: na sasa?